Sekunde Kumi na Moja za Chebet

Eldoret,
Jumatano, baada ya chakula cha mchana

Kwako Baba,

Nianze na goti, maana najua ukiulizwa hali utasema "mzima" hata kama umebebwa kwa machela. Limetulia? Ama bado unapanda ngazi za kanisa bila mkongojo ili wazee wenzako wasipate la kusema? Na Mama anakwenda kupimwa sukari, au bado anadai yule nesi ana chuki naye? Mimi ni mzima wa mwili. Huku ni baridi, na juzi mvua ya mawe ilitoboa paa la stoo yangu mahali pawili. Lakini hilo si la kukusumbua nalo. Nimeamka na hasira, nimekula nayo, na sasa ninakuandikia nayo, kwa hiyo uusamehe mwandiko.

Ningeweza kupiga simu, ila najua ungeniambia simu ni ya kuitana na habari ni ya kuandikwa. Basi nimekutii. Tena leo nina barua mbili. Ya pili ni ya mkuu wa chuo, ya kujieleza kwa nini nilikataa kazi niliyopewa na kocha mbele ya wanafunzi. Anaitaka mezani kwake Ijumaa. Nimeona nianze na yako, kwa sababu kazi niliyoikataa ni ile uliyonifundisha wewe mwenyewe, kushika saa.

Unakumbuka kwamba hapa chuoni mimi ni mtunza stoo ya michezo. Kwenye karatasi, kazi yangu ni mipira, nyavu, jezi na pampu moja inayovuja. Kocha wa timu ya wasichana alipohamishwa mwaka jana, hakuletwa mwingine, na hakuna aliyeuliza. Mji huu ni wa wakimbiaji, Baba. Ukisema mpira wa miguu hapa, tena wa wasichana, mtu anakutazama kwa huruma na kukuuliza kama hujui kuna uwanja wa riadha. Wasichana wenyewe ndio waliokuja mlangoni kwangu. "Madam, si basi wewe ukuje tu utushikie filimbi?" Nikaenda. Nimekulia kwenye mistari ya chaki uliyokuwa unaichora uwanjani shuleni kwako, ningekataaje?

Mechi ya kwanza tulicheza Moi's Bridge, uwanja ulio nyuma ya maghala ya mahindi. Tulifungwa manne bila. Madereva wa matrekta waliokuwa wakingoja kupakua mizigo walituhesabia mabao kwa honi, honi moja kwa kila bao, na la nne wakalipigia honi nne. Wanjiru, nahodha wetu na kipa, alisema tu, "Madam, hiyo ya nne ilikuwa ya kunitusi."

Huyu Wanjiru ungempenda. Mama yake ana duka kule Kapsoya, na tangu akiwa mdogo amekuwa akidaka mikate anayorushiwa kutoka kwenye gari la mkate asubuhi. Mkate ukianguka anausikia kwa mama yake mpaka jioni. Ndiyo maana mpira haumponyoki. Mbele tulikuwa na Akinyi, wa upande wetu wa ziwa, ambaye akianza kukimbia hata refa hubaki akitazama mgongo. Kipa tulikuwa naye na mbio tulikuwa nazo, lakini katikati palikuwa shimo.

Wiki iliyofuata msichana mmoja akaja mazoezini na kukaa juu ya kreti ya soda aliyoigeuza kifudifudi. Mnene kidogo, mpole, viatu vyake vya gambuti bado vina matope ya zizi. Alikaa siku tatu. Siku ya tatu nikamuuliza kama anatafuta mtu. Akasema, "Hapana Madam. Ni vile tu Akinyi akikimbia, mnampigia nyuma yake. Ng'ombe ikielekea kwa gate huifuati nyuma. Unaitangulia." Nilimpa jezi siku hiyo hiyo, nikakosa inayomtosha, nikampa ya akiba ya kipa.

Huyo ndiye Chebet, wa Kapseret, binti wa mfugaji. Anakama ng'ombe sita kabla ya kuja darasani. Baba, nimekaa pembeni ya viwanja tangu nikiwa na meno ya maziwa, na sijaona kiungo kama huyu. Hakimbii. Namaanisha hakimbii kweli, anatembea kama mtu anayekagua shamba lake. Lakini mpira ukifika kwake, tayari ameshaona mahali utakapokwenda, na Akinyi akiinua macho anaukuta miguuni. Tulishinda mechi ya pili, ya tatu tukatoka sare kwenye matope, halafu hatukufungwa tena. Kwenye nusu fainali alikaa na mpira sekunde mbili hivi huku wasichana watatu wakimjia mbio, mimi nimeshika kichwa, kisha akautoa kwa upande wa mguu, taratibu, katikati yao wote. Akinyi akafunga. Wale watatu walisimama wakiulizana nani alipaswa kuuzuia.

Sasa chuo kikaamka. Timu iliyokuwa haina kocha ghafla ikawa na kocha. Zikiwa zimebaki siku kumi tucheze fainali akaletwa Kocha Limo, mwanariadha wa zamani, mtu safi, suti ya michezo iliyopigwa pasi. Sina ubaya naye kama binadamu. Lakini wahenga walisema mchumia juani hulia kivulini, nami nimejionea kwamba anayechuma anaweza kuwa huyu na anayelia kivulini akawa mwingine kabisa. Mimi niliambiwa nirudi stoo, "nimsaidie kwa vifaa".

Siku ya pili akatangaza kwamba timu ya fainali itapatikana kwa mbio. Mizunguko mitano ya uwanja wa riadha, dakika tisa. Atakayezidi hachezi. Nilidhani anatania. Nikamwambia, "Kocha, hata kipa?" Akasema, "Hata kipa, Madam. Pumzi ndiyo mpira." Hapa ndipo ninapotaka uelewe mji huu. Mtu anaweza kuchagua timu ya mpira bila mpira kuwepo uwanjani, na wote wakaitika kwa vichwa, kwa sababu hapa mbio ndizo mizani ya kila kitu. Nadhani hata mchumba angepimwa hivyo kama baba mkwe angekuwa na nafasi.

Akaniomba nishike saa. Alitaka kukimbia nao yeye mwenyewe mbele ili awavute. Simu yake ilikuwa na saa, lakini aliiona hii yako ya chuma, ile yenye kamba nyeusi uliyonipa siku nilipoondoka nyumbani, akaigeuza mkononi na kusema, "Hii ndiyo saa ya ukweli." Nami nikaona fahari, Baba. Nisikufiche hilo. Nilisimama pale kwenye mstari na kidole kwenye kitufe, nikijiona kama wewe siku ya michezo, na kofia yako nyeupe.

Walikimbia. Akinyi aliingia na Limo. Wengine wakafuata, Wanjiru akiwa amekaribia kutapika, dakika nane na hamsini na nne. Walianguka nyasini, na Limo akaanza kujinyoosha misuli akiwa ametupa mgongo. Chebet alikuwa bado kwenye kona ya mwisho, mikono imelegea, uso umelowa jasho, akijaribu. Alijaribu sana. Hakuna aliyekuwa anaona saa ila mimi. Aliukanyaga mstari, nikabonyeza, nikatazama. Dakika tisa na sekunde kumi na moja.

Nikaandika tisa na kumi na moja.

Limo alisoma karatasi akapitisha mstari juu ya jina la Chebet. Nilipomwambia huyu ndiye aliyetufikisha fainali, alinijibu kwa upole kabisa, "Sheria ni sheria, Madam. Na huyu ni wa hapa. Mtu wa hapa akishindwa na dakika tisa, ni vile tu hataki." Chebet alisikia. Alivua jezi ya kipa akaikunja vizuri na kunipa, kama mtu anayerudisha sufuria ya jirani.

Lililonichoma zaidi ni hili. Baba yake ni mkimbiaji wa zamani, kabati lake la sebuleni limejaa medali, na watoto wake wote walikimbia isipokuwa huyu. Nyumbani humwita mvivu. Hajawahi kumwona akicheza hata mara moja. Tulipofika fainali Chebet aliniomba nimpigie yeye simu. "Madam, wewe ukimwambia atakuja. Mimi nikitaja mpira anasema nimetoroka mbio." Nikampigia, nikamwambia, "Mzee, njoo uone binti yako akiongoza timu." Nilitumia neno hilo, akiongoza. Hiyo ilikuwa kabla ya Limo. Baada ya ile karatasi nilitakiwa kumpigia tena, na kila siku nikajiambia labda Limo atabadili mawazo.

Hakubadili, na siku ya fainali Mzee akaja. Alikuja amevaa koti la harusini, amebeba kibuyu cha mursik mikononi kama mtu aliyebeba mtoto. Unajua mursik ni maziwa yale yaliyolala, ambayo watu wa hapa huwanywesha wakimbiaji wao wakirudi na ushindi. Alikuwa amekuja kumnywesha binti asiyekimbia. Akatazama uwanjani mara mbili, akanifuata.

"Madam, Chebet ako wapi?"

Nilimwonyesha. Alikuwa amekaa kando ya madumu ya maji, nguo za kawaida.

"Ni mgonjwa?"

"Hapana Mzee. Hakupita time ya kukimbia."

"Nani alishika saa?"

"Ni mimi."

Akaitikia kwa kichwa. "Basi ni haki. Watu wamesema wewe huwezi ongezea mtu sekunde." Akakihamishia kibuyu mkono wa pili, akaondoka kabla ya mapumziko. Chebet alimwona akienda.

Tulifungwa mawili bila. Walikimbia, hilo siwanyimi. Akinyi alikimbia peke yake kama mbuzi aliyekata kamba, na mpira uliendelea kutua nyuma yake, vilevile kama siku ya Moi's Bridge. Wanjiru aliokoa mara saba nilizozihesabu. Mwishoni Limo aliwakusanya na kuwaambia, "Tumekimbia vizuri." Baba, nilikwenda nyuma ya stoo nikapiga teke pampu, na kidole gumba bado kinauma.

Chebet hakuja tena, wala mazoezini wala darasani. Jumapili iliyopita baada ya ibada nikachukua bodaboda hadi Kapseret. Nilimkuta Mzee amesimama malishoni na fimbo, akanipokea kwa heshima zote. Nikaanza kujieleza, kwamba mpira si mbio, kwamba saa ilipima miguu na haikupima kitu kingine. Akanijibu, "Madam, huku kwetu miguu ndiyo mtu." Wakati huo ng'ombe walikuwa wanarudishwa, na mtamba mmoja mwekundu akachomoka kuelekea kwenye pengo la ua upande wa barabara. Binamu wawili wa Chebet wakamkimbiza wakipiga kelele, na kadiri walivyomkimbiza ndivyo naye alivyozidisha. Chebet alikuwa ametoka jikoni na ndoo. Aliweka ndoo chini, akatembea hatua kumi hivi, akasimama kwenye pengo. Mtamba alipofika alimkuta yupo. Akageuka mwenyewe akaingia zizini.

Nikamwambia Mzee, "Umeona? Hakukimbia."

Akauliza, "Hiyo ndiyo mpira?"

"Hiyo ndiyo, Mzee."

"Sasa mbona hukuniambia siku ile?"

Nilikunywa chai yake na aibu yangu nikarudi mjini. Lakini aliahidi atamtuma, na jana Chebet alikuja, na gambuti zake, akasalimia kila mtu kwa mkono.

Limo hakumfukuza. Alisema tu lazima kwanza akimbie ile mizunguko mitano, maana wengine walikimbia. Akaninyooshea mkono, bila hata kunitazama, kama mtu anayeomba chumvi mezani. "Madam, saa." Nikamwambia saa nimeifunga, inarudi kwa mwenyewe. Akatoa simu yake. "Basi shika hii." Nikamwambia, "Siwezi, Kocha." Akauliza siwezi au sitaki. Nikasema, "Sitaki. Mpe mpira nitakupimia mpaka giza liingie. Mbio sipimi." Wasichana wote walikuwa wanasikia. Akasema nimemvunjia heshima, na labda nimemvunjia. Chebet akarudi kukaa kwenye kreti yake. Asubuhi ya leo nikaletewa barua.

Sasa nina neno na wewe, Baba, na ulipokee kama la mtoto wako. Tangu utotoni umetusimulia habari ya Wandera, jinsi kaka yangu alivyokimbia mbio za kuchagua timu ya wilaya, wewe ukiwa umeshika saa hii hii, na jinsi ulivyompa nafasi mtoto wa jirani aliyemtangulia kwa kifua. Kijiji kizima kilikusifu. Mimi nililelewa na sifa hiyo kama wengine wanavyolelewa na uji. Wandera hakukimbia tena maishani, na sikumbuki kama kuna aliyemuuliza. Lakini sikulaumu kwa lile. Zile zilikuwa mbio, na mbio hupimwa kwa saa. Ulikuwa na haki.

Mimi nilidhani ninafanya ulivyofanya. Wanaonipenda hapa wananiambia kosa langu ni kutoandika nane na hamsini na nane, maana Limo asingejua. Hapana. Ningefanya hivyo nisingeweza kukutazama machoni. Kosa langu lilikuja kabla ya hapo, pale nilipokubali kusimama kwenye ule mstari nikijua kabisa kwamba kipimo hakihusu kitu kinachopimwa. Niliona fahari ya kuaminiwa. Ukweli wangu ndio uliotumika kumwonea mtoto wa watu, na kwa sababu ulikuwa ukweli, hata baba yake aliuamini. Mwongo asingeweza kumdhuru Chebet kiasi hicho. Hili hukunifundisha, na nina hasira nawe kidogo kwa sababu hiyo. Itapita, lakini leo ninayo.

Mwambie Mama nimepata blanketi na asiendelee kulishona lile la vipande, macho yake yanahitaji kupumzika. Msalimie shangazi anayeuza omena Port Victoria, na mwambie dagaa zile alizotuma, Wanjiru amezila nusu na kudai ni dawa ya makipa. Msalimie mwalimu wa kwaya aliyechukua nafasi yako, hata kama anaimbisha haraka mno. Wandera akikuletea mzigo huu kutoka stendi ya Busia, mpe barua hii aisome naye. Halafu muulize lile tusilowahi kumuuliza.

Saa iko ndani ya soksi ya kipa, nimeifunga mara mbili isigongwe njiani. Ni nzima, haijapoteza hata sekunde. Nikimaliza hapa naanza ile ya mkuu wa chuo, na sitamwandikia mengi. Nitamwambia jana nilikataa kushika saa kwa sababu siku ile niliishika.

Ni mimi binti yako anayekuheshimu, hata leo,
Nabwire